Jenerali Aliyeshindwa Akapewa Urais

Litembo, Jumamosi usiku

Nimeongea! Mimi! Mbele ya watu wote wa shamba la ujamaa.

Jumatatu mwalimu wa historia anataka nisimame darasani nieleze, kwa Kiingereza, maisha ya jenerali mmoja Mfaransa wa karne ya kumi na tisa. Tangu Alhamisi naogopa, nayarudia maelezo hayo kila mahali. Leo tukichimba ngolo, yale mashimo ya kuzuia mvua isibebe udongo mlimani, shangazi akanisikia nikinong'ona peke yangu. Nikamwambia ukweli. Akapaza sauti: "Nyamazeni, mwanangu ana habari!"

Basi nikasimulia kwa Kimatengo: alivyopigana Afrika, akapanda vyeo, halafu Wajerumani wakamjeruhi, wakamteka yeye na jeshi lake lote.

"Kwao wakamnyonga?" akauliza jirani yetu, Mama Kristina.

"Wakamfanya rais."

Majembe yalianguka! "Basi hata sisi tunafaa urais," akasema shangazi, "mwaka jana si tulishindwa na nguruwe mwitu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo.

Jumatatu bado naiogopa. Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Lakini sasa najua mahali pa kunyamaza kidogo, darasa zima lisubiri, ndipo niseme: rais.