Mguu wa Geresom jukwaani

Zulaika, uko? Nakuandikia hata viatu sijavua.

Tumetoka Mbale sasa hivi, kwenye uzinduzi wa ile sera ya sayansi, ile ya kuwalinda wabunifu wetu. Unaukumbuka mguu wa bandia ambao kaka Fadhul alimtengenezea Geresom, rafiki yake wa kikosini, alipokanyaga bomu kule vitani kaskazini? Paipu ya maji, mpira wa tairi, mkanda wa gari. Alimpimia hapahapa uani kwetu Kimaka!

Basi Geresom kapanda jukwaani na mguu uleule, akasema, "Huu nimeubuni mwenyewe."

Mwenyewe! Mgeni rasmi akampa cheti. Watu wakapiga makofi. Fadhul macho chini, kama mtu aliyefiwa.

Halafu sikia hii. Geresom anashuka, mkanda umelegea. Anamwita kaka mbele ya kamera, bila aibu: "Afande, nikazie."

Akapiga magoti, Zulaika. Kaka yangu akapiga magoti, akamkazia! Wakapigwa picha, eti mbunifu na fundi wake.

Njiani nikamfokea: kwa nini umekubali?

Akasema, "Angeanguka."