Maneno Yaliyofika Ukutani

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, usije ukasema dada yako anakudai heshima hadi ng'ambo. U hali gani? Wifi yangu mgongo umeachia? Sisi huku tu wazima. Mama sasa anatembea bila fimbo, ila ameing'ang'ania kwa ajili ya kutunyooshea sisi.

Kwanza ahsante kwa vitu ulivyonitumia. Zile video za sayansi nilizipakua nyumbani, maana bando la shule huisha asubuhi na mapema. Watoto wameuona moyo ukidunda ukutani, na hata watoro wangu siku hizi wanawahi. Yale maswali ya kuchagua jibu tuliyafanya simu moja kwa meza moja. Kelele zake usiniulize.

Ningekupigia simu, lakini najua ningelia. Ni kuhusu ile programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Unamkumbuka yule mwanafunzi wangu asiyesikia vizuri, ambaye wenzake humwita Macho kwa kuwa hutazama midomo ya watu? Nilibana kile kipaza sauti chako kidogo kisicho na waya kwenye kola, nikaunganisha laptopu na projekta, na kila nililosema likaandikwa ukutani. Mtoto aliyekuwa akinakili daftari la jirani yake akaanza kunibishia habari za mizizi. Nilifurahi kupita kiasi.

Basi Jumanne, katikati ya kipindi, mkuu wa shule akaniita. Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, tukasimama pale pale nje. Kile kidude kwenye kola nikakisahau.

Mkuu wetu si mtu mbaya, ila matokeo ya mtihani yamemkaa kooni. Akaniambia, "Mwalimu, yule binti atatushusha. Ongea na mama yake amtafutie shule ya watu kama yeye." Shule anayoisema iko mbali na imejaa, Macho akitoka hapa atakaa nyumbani tu, na mkuu analijua hilo. Na mimi, ambaye nyumbani mnaniita Spika, nikajibu, "Sawa, Mkuu, nitaongea naye." Nilitaka tu aondoke nirudi kwa watoto.

Nilipofungua mlango, darasa zima lilikuwa linasoma kitu mbele. Nikageuka kutazama ukuta. Maneno yake yalikuwepo yote, na chini yake jibu langu. Macho alikuwa anafunga begi.

Jumatano hakuja. Alhamisi jioni nikaenda kwa mama yake, fundi cherehani, nikamkuta anashona. Hakusimamisha mashine. Akasema, "Mwalimu, kama mmeshakubaliana wenyewe, mimi nije kufanya nini?" Nilimsihi mpaka akakubali kuja, na binti aje naye.

Jana tukakaa ofisini kwa mkuu, wanne. Nilikuwa nimefunga mitambo yangu, ukuta uko tayari. Mkuu akaanza kuzungumza huku ameelekea dirishani, sauti ya chini, tunamtakia mema, tunamtakia mema. Macho haioni midomo yake, na kipaza sauti kiko kwangu. Binti akainuka, akakibandua kwenye kola yangu, akakiweka mezani mbele ya mkuu. Kwa ile sauti yake nzito akasema, "Sema tena."

Mkuu akafungua mdomo, akaufunga. Ukutani hapakuandikwa kitu. Nami sikumsaidia. Mdogo wangu, lile jambo lilikuwa rahisi kusemwa nje ya mlango. Mwishowe akakohoa, akasema, "Atabaki mpaka mtihani wa muhula, halafu tutaona." Likaandikwa hivyo hivyo.

Macho akalisoma hadi mwisho. Nikadhani tumemaliza. Akakichukua kipaza sauti na kukisogeza kwangu, akageukia ukuta, akangoja.

Nikakisogeza karibu na mdomo. Nikasema, "Jumanne nilijibu kwa woga. Mimi sitaki uondoke." Akasoma. Akarudia kusoma, kisha akafungua begi, akatoa daftari, akaniuliza tulisoma nini siku ambazo hakuwepo.

Mtihani ni mwezi ujao, na ndiyo maana nakuandikia. Programu hii inategemea intaneti, na huku intaneti haina adabu. Mtandao ukikata, ukuta unanyamaza, na mtoto anabaki ananitazama mdomo. Nitafutie inayofanya kazi bila mtandao, inayojua Kiswahili, na unieleze taratibu kama unavyomweleza Mama. Usingoje kujibu barua, ukiipata programu, itume.

Mjomba Kofia anakusalimu, bado anadai ulimwahidi redio. Shangazi wa dukani naye, na mapacha wangu. Mpe wifi salamu zangu, na watoto wabusu kwenye paji la uso, mmoja mmoja, wasigombane. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie kila mlango unaoubisha.

Wako akupendaye, hata unapochelewa kujibu,

Dada Spika