Ninunue Landrova Hii Kabla ya Masika?

Kwako Bi Mshauri mpendwa, salamu nyingi kutoka Mahege, na baada ya salamu naomba unikopeshe mawazo yako maana yangu yamekwisha, silali, na nikipata usingizi naota nasukuma gari.

Mimi ni mkulima wa korosho, mtu mzima, nina mke mmoja, na Mungu alitupa mabinti wawili, Semeni na Rukaiya, na sasa tumebaki na Rukaiya peke yake kwa sababu Semeni alifariki msimu uliopita wa korosho kwenye uzazi wake wa kwanza, alikuja kujifungulia kwetu kama ilivyo desturi na mumewe akarudi delta ya Rufiji kwenye kazi yake ya kukata boriti za mikoko, uchungu ukamshika alfajiri, ukaendelea na mtoto hatoki, mkunga wetu na wazee wa kike wakasema mtoto amezuiwa, kuna mwanamume wa nje na asipotajwa njia haitafunguka, basi wakawa wanamwambia taja, taja mwanetu upone, naye anasema hana wa kumtaja, ikawa hivyo mchana kutwa, sisi wanaume tumekaa nje tunasubiri jina, na lori la mnunuzi lililokuwa linapakia korosho pale kijijini likamaliza kupakia likaondoka baada ya adhuhuri, jua linatua ndipo mkunga alipotoka akasema hili limemshinda, tukamlaza kwenye kitanda cha kamba tukambeba kwa miguu, akakata roho kabla hatujaiona barabara kuu, na mtoto naye tumboni.

Tangu siku ile nimeapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekufa tena kwa kukosa gari. Sasa Rukaiya naye ana mimba, mumewe ameridhia ajifungulie kwetu na ameshamleta, na siku zake zinaangukia masika katikati, na masika ya kwetu unayasikia tu, udongo ule mweusi ukilowa hata punda anaacha kwato.

Ikwiriri kuna mfanyabiashara anaitwa Mwinyimvua, tangu biashara iwe ruksa yeye kazi yake ni kununua magari ya miradi iliyofungwa na kuyauza, na mimi ananiuzia landrova ya dizeli, kuukuu, iliyokuwa ya mradi mmoja wa samaki wa huko delta, amenifuata mpaka nyumbani si mara moja, anasema, "Mzee wangu, dizeli haina plagi za kulowa, maji yakifika kwenye boneti yenyewe inapita tu. Hivi vigari vya Kijapani vinavyoshushwa bandarini siku hizi ni mabati ya kuezekea. Hiki ni chuma." Nilipokwenda kuiona nikaikuta inanguruma, tukazunguka nayo, ikapanda kilima, ikavuka tope, nikafurahi mpaka nikaona aibu. Lakini safari nyingine nililala kwa ndugu yangu hapo Ikwiriri, nikapita baada ya swala ya alfajiri bila kumwambia, nikakuta wanaume wanaisukuma barabarani, na ilipowaka ikatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi na moshi haukukoma, Mwinyimvua akasema ni baridi ya asubuhi tu, fundi mmoja aliyekuwa pale akainama akagonga chasisi kwa spana, akainuka akajifuta mikono, nilipombana akasema, "Mzee, hii imebeba samaki na maji ya chumvi miaka mingi. Rangi mpya hiyo usiitazame."

Ili niipate lazima niuze shamba la mikorosho, ambayo nusu yake mke wangu aliipanda kwa mkono wake, naye amekataa kabisa, ameniambia, "Baba Semeni, gari hilo unamnunulia nani? Aliyekufa hapandi gari," na toka hapo hatusemezani zaidi ya salamu. Wewe unazungumza na watu wengi, niambie, dizeli kuukuu kama ile inamfaa mtu kama mimi, mahali kama kwetu, au niiache nije nizike mtoto mwingine?

Mimi Baba Semeni, Mahege, Kibiti

MSHAURI ANAJIBU

Baba Semeni, pole sana, wewe na mama yake. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaiweka mezani, nikatoka nje kwanza, ndipo nikarudi kuijibu.

Nianze na gari, kwa kuwa ndilo uliloniuliza na ndilo jepesi. Usilinunue. Marehemu mume wangu alikuwa na landrova ya dizeli ya umri huohuo, na staata yake ilikuwa mimi na majirani. Kila kukicha najifunga khanga kiunoni, nasukuma, kwa hiyo haya nayajua kwa mabega yangu. Dizeli iliyochoka ikishapata moto inakudanganya, inapanda mlima, inavuka tope, na wewe mwenyewe unaanza kuisifu. Ndiyo maana Mwinyimvua aliiwasha kabla hujafika. Dizeli hupimwa ikiwa imelala, asubuhi, ukiigusa boneti ni ya baridi. Ikihitaji kusukumwa na ule moshi mweupe usikome, injini imekwisha nguvu. Ni kweli haina plagi, lakini inavuta hewa, na siku itakapovuta maji ya mto badala ya hewa itafia hapohapo mtoni. Injini hata hivyo hubadilishwa. Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa gari, na iliyoliwa na chumvi hupakwa rangi tu mpaka siku inapokatika na watu wamo ndani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kimejitembeza mpaka uani kwako!

Sisemi landrova zote ni mbaya. Nzima, ya dizeli, inamfaa mtu mwenye kazi nayo kila siku, mwenye fundi karibu na mafuta ya uhakika. Wewe unataka gari la kulala miezi, kisha liamke siku moja tu, usiku, kwenye mvua, bila kusumbua. Hakuna dizeli kuukuu inayokubali kazi ya namna hiyo. Halafu barua ndefu yote ile hukuniambia nani ataliendesha. Unajua kuendesha wewe?

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hukuniuliza, na nitasema kwa ukali. Unasema Semeni alikufa kwa kukosa gari. Si kweli, baba. Gari lilikuwepo. Lori lilisimama hapo kijijini kwenu asubuhi nzima linapakia, na sidhani kuna dereva ambaye angemkataa mzazi mwenye hali ile. Likaondoka mbele ya macho yenu kwa sababu mlikuwa mmekaa nje mnasubiri jina. Mtoto hazuiwi na jina la mtu. Huzuiwa na nyonga nyembamba, au amekaa vibaya tumboni, na hayo yanatakiwa kuonwa na daktari, mapema. Binti yako aliwaambia ukweli tangu asubuhi, hakuna aliyemwamini, hata wewe uliyemzaa, na amekufa akiulizwa. Nimekasirika, sitaficha, na ninaandika huku nakuonea huruma. Lakini nikikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, masika haya mtamuuliza na Rukaiya, hata kama hiyo landrova iko mlangoni inanguruma.

Kwa hiyo fanya hivi. Mikorosho iache ilipo. Mwinyimvua mwambie hapana, usimwambie tutaona, maana kwa mtu huyo neno tutaona ni ndiyo. Kabla mvua hazijashika, wakati njia bado kavu, Rukaiya ahamie Kibiti, kwa ndugu au hata chumba cha kupanga, karibu na hospitali, na mama yake aende naye, wakae huko wakisuka ukili wa mikeka mpaka mtoto azaliwe. Akitokea mtu wa kusema desturi ni kujifungulia kwa mama, mjibu kwamba mama yuko hukohuko. Mkunga wenu usimtukane, alifanya alichofundishwa, lakini mwambie waziwazi kwamba mimba hii haitapita mikononi mwake, na wala wazee hawatakaa nje kusubiri jina. Ukiwa mwenye nyumba, neno hilo ni lako wewe kulisema. Uliposhindwa kulisema safari ile, hakukuwa na wa kulisema badala yako.

Mkeo muombe radhi. Yeye aliona mapema kuliko wewe kwamba gari lile lilikuwa linanunuliwa kwa ajili ya kaburi.

Na hili la mwisho usimtume mtu. Leo jioni muite Rukaiya, mama yake akisikia, umwambie kwa kinywa chako kwamba dada yake hakuwa na kosa. Wewe unahangaika na injini, na binti huyo yupo humo ndani, tumbo linakua, anajiuliza siku ikifika atamtaja nani.