Wakwe Walikuja, Mjomba Hakuwepo

Ha Letuka,
Wilaya ya Thaba-Tseka,
Lesotho.
21 Agosti, 1996

Mpendwa mdogo wangu Tseliso,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. U hali gani? Kile kikohozi kimepungua, au vumbi la mgodini bado linakusumbua? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu, ila baridi ya mwaka huu haina adabu na upepo wa Agosti umeanza kung'oa mabati. Ng'ombe wako wawili wazima. Wa tatu usiniulize leo.

Nakuandikia kwa ajili ya Mosa, mpwa wako. Posa yake iko mashakani na anayeweza kuiokoa ni wewe. Lakini lazima nianze na mgeni wangu, maana bila yeye hutaelewa aibu niliyoipata.

Shule ya sekondari imeletewa msichana wa kujitolea kutoka Kanada, anafundisha sayansi. Chifu akaamua alale kwangu, kwa kuwa chumba chako kipo tu, hakina mtu. Jina lake Meredith. Lilitushinda, tukampa jina la Liteboho. Mdogo wangu, huyu binti atanizeesha kabla ya wakati. Asubuhi, maji yakiwa bado yameganda kwenye ndoo, yeye huyo anatoka mbio kuzunguka kilima. Wachungaji wanamwuliza, "Dada, nani anakukimbiza?" Anawajibu hakuna mtu, kisha anaendelea kukimbia! Nikiweka maji ya kupikia, anayaoga. Nikimkataza kubeba samadi ya kuwashia moto akiwa na nguo za kazini, anakubali kwa heshima zote, halafu anabeba.

Likizo ikifika ndiyo hashikiki. Mara yuko Mokhotlong, mara kapanda farasi wa watu mpaka Semonkong kuangalia maporomoko, kama vile maji hajawahi kuyaona yakianguka. Mimi nabaki hapa silali vizuri, maana akivunjika shingo chifu ataniuliza mimi. Kisha anatokea, anachechemea, uso umebabuka, na salamu za shangazi yetu wa Semonkong ambaye sisi wenyewe hatujamwona tangu mazishi ya baba. Alimtafuta mpaka akampata. Nani alimtuma?

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita akina Makhetha walikuwa waje kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Niliondoka mapema kwenda kununua nyama, nikamwacha Mosa jikoni. Liteboho naye akakumbuka kwamba wanafunzi wake wanajifunza mambo ya upepo. Akachukua foronya yangu nyeupe, ile niliyoidarizi mwenyewe, akaifunga kwenye mti mrefu kuliko yote aliyoipata na kuusimika mbele ya nyumba. Mosa alikuwa amezama kwenye moshi wa masufuria, hakuona kitu.

Wewe umekulia hapa. Kitambaa cheupe juu ya mti maana yake ni moja tu: pombe ya mtama imeiva, karibuni. Na nyumba iliyotundika ni yangu mimi, niliyevaa sare ya akina mama wa kanisa miaka yote hii!

Narudi na nyama yangu, nakuta uwanja umejaa wanaume na mablanketi yao, kijiji kizima. Wananipokea kwa vifijo. "Mama Mosa, hatimaye umeokoka kweli kweli! Lete basi, koo zimekauka!" Mwingine anasema, "Mwalimu katunywesha chai, tumevumilia. Sasa tupe cha wanaume." Katikati yao wameketi akina Makhetha, na mzee wao ni mzee wa kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Liteboho akaja mbio, anacheka kwa furaha: "Mama, upepo unatoka kaskazini!"

Nilipomwuliza kama hajawahi kuona vitambaa vile kwenye nyumba za watu, akasema ameviona sana, alidhani Wasotho tunapenda kupima upepo. Na kweli hakuna aliyemwambia. Nani angekumbuka kumweleza mtu mzima jambo linalojulikana na kila mtoto?

Nililia, Tseliso. Nilijua posa imekwisha. Kumbe wapi, mzee Makhetha alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia, akasema nyumba inayokaribisha watu hivi haiwezi kuwa mbaya. Tukawafukuza walevi, wazee wakaingia ndani.

Kicheko kikaishia hapo. Upande wetu alikuwepo mzee Khoeli peke yake, kaka wa marehemu mume wangu, na unamjua: hasikii, kila akiambiwa idadi ya ng'ombe anaitikia kwamba mvua itanyesha. Mzee Makhetha akatazama kile kiti tulichokuachia wazi, akauliza taratibu, "Mjomba wa binti yuko wapi?" Mosa alikuwa nyuma ya mlango, akainamisha kichwa. Wakanywa chai yao, wakasimama. Watarudi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mara moja tu. Wakikosa tena mjomba wa kupokea neno lao, watajua binti hana watu, na watapeleka ng'ombe wao kwingine. Kijana wao analia, mpwa wako hali, na mimi nimechoka kukutetea. Nimesema una zamu, nimesema unaumwa, nimesema barua zinapotea njiani. Uongo umeniishia. Hujakanyaga hapa Krismasi tatu sasa, na barua yangu ya Pasaka hukuijibu!

Mosa anakusalimu sana. Mzee Khoeli anakusalimu pia, nadhani. Nisalimie Mokete wa hapa Ha Letuka mnayelala naye chumba kimoja, mwambie mama yake anamwombea. Mungu akulinde chini huko, akutoe salama kila zamu.

Anayekukabidhi barua hii ndiye Liteboho mwenyewe. Ameomba ruhusa shuleni. Nilimkatalia, nikamwambia bweni la wachimba migodi wa Welkom si mahali pa msichana kutembelea. Akanijibu, "Mama, sitaingia. Nitasimama getini niwaombe wamwite." Nimeshindwa naye. Yeye amevuka bahari kuja kukaa na sisi, wewe umeshindwa na mto wa mpakani. Basi ukimaliza kusoma usimwambie utafikiria, kwa maana atakaa hapo getini kwenye baridi akikungoja umalize kufikiria. Chukua blanketi lako, mje wote wawili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Mamosa