Maswali Yako Yameingia Kwenye Zabuni

Kobelo, mtani wangu,

Siku ya maziko nililala kaburini mwako, nikasema napima kama litakutosha wewe na mikogo yako. Ndugu zako walicheka na machozi yao. Kisha nikaenda nyuma ya migomba nikalia, mimi niliyetembea mpaka Lubumbashi.

Basi, habari za huku. Kiti chako kwenye kamati ya manunuzi ya chama kikuu cha ushirika nimepewa mimi. Ndiyo, mimi, darasa la saba la Dumila! Wiki iliyopita walitaka kununua programu mpya ya kupokelea mboga matawini. Muuzaji, tai shingoni, akasema haikubali kompyuta za zamani. Zile zote ulizofufua kwa mikono yako zitupwe.

Nikauliza, zitupwe wapi? Mhasibu akasema, "Si kuna korongo kule juu?"

Korongo! Maji yake ndiyo yanayomwagilia mchicha wetu.

Mwenyekiti akaafiki, watumishi wakainamisha vichwa. Nani ambishie Mwenyekiti? Lakini Mwenyekiti ni Mluguru kama wewe, na mimi Mnyamwezi, mtani wake. Nikasimama: "Nyie Waluguru, mkae juu mmwage sumu, tuinywe sisi wa chini? Halafu mtuuzie na nyanya!"

"Kaa chini, mpagazi wewe!" akanirudishia Mwenyekiti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, nami nikatumia mwanya huo kuuliza maswali matatu kuhusu programu yenyewe. Mwenyekiti akamgeukia katibu: "Andika maswali ya huyu mpagazi kwenye zabuni."

Si yangu, ni yako. Nakuona pale kibandani kwako Mwembesongo, unapuliza vumbi kwenye mashine, unasema, "Programu ni kama mbuzi. Kabla hujamleta nyumbani, uliza anakula nini." Inakula umeme kiasi gani? Itakaa miaka mingapi kwenye mashine tulizonazo? Na mashine ikifa, muuzaji anaichukua au anatuachia mzoga? Nilikuwa nakuita bahili. Nilikosea, Kobelo. Nilikosea sana.

Kura bado haijapigwa. Wajumbe wawili wamenipigia simu, eti nachelewesha maendeleo. Muuzaji anarudi Jumatatu. Nitamwekea mezani kompyuta ya tawi la Mkuyuni, ile uliyoikaza kwa mpira wa baiskeli, nimwambie aiwashie programu yake hapo hapo, mbele ya wote. Ikigoma, saini yangu haipati, hata nikibaki peke yangu upande huu wa meza.

Pumzika, Mluguru wangu. Ubishi uniachie mimi.

Mtani wako,
Masanja