Mwalimu Vibanio, Mbinu Zako Hatukuzizika

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu Jumapili ile ulipoweka kikombe cha chai mezani, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo chumbani, na hukuamka tena. Watu walituambia machozi hukauka. Ya kwetu yamekauka kweli, lakini yametuachia hasira, na leo hatuandiki ili tuonewe huruma.

Naandika mimi, kitindamimba wako, niliyekuwa msaidizi wako darasani kwa miaka sita. Baba amesoma kila mstari. Amefuta neno moja akisema halifai gazetini, nami nimekubali kwa shingo upande.

Miaka thelathini na moja ulifundisha chekechea katika chumba kilekile cha mwisho, karibu na bomba la maji. Waliosahau jina lako walikujua kwa vibanio vya nguo. Kabla mtoto hajapewa penseli, ulimpa kamba, vipande vya vitambaa na vibanio kumi, abane na kubandua mpaka achoke. Wazazi walinung'unika. "Mwalimu, nimemleta asome, siyo aje kuanika nguo!" mmoja alikuambia mbele yangu. Hukukasirika. Ulimjibu, "Vidole vikiwa legelege, mama, penseli itamchosha hata herufi moja hajamaliza. Acha kwanza vipate nguvu." Miezi michache baadaye mtoto alikuwa anaandika bila kukunja uso, na mama yuleyule akaja kuazima vibanio kwa ajili ya mdogo wa mtoto huyo.

Ulimfanya Baba, fundi seremala, mtu wa vipimo na heshima zake, akate miguu ya kiti chako. Alidhani unamtania. "Nataka macho yangu yakutane na yao," ukamwambia. "Mtoto ukimsemesha kutoka juu, anasikia kelele tu." Baba akakata, kisha akalalamika wiki nzima kwamba umemharibisha kiti kizuri. Leo kiti hicho kiko sebuleni na haruhusu mtu akikalie.

Hukutaka tuwaambie watoto "msikimbie." Ulisema mtoto akisikia hivyo, anachobaki nacho kichwani ni kukimbia. Mwambie atembee. Na umwambie jambo moja, alimalize, ndipo umpe la pili. Nilipobisha ulinigeukia: "Wewe mwenyewe, mtu mzima na ndevu zako, nikikutuma dukani vitu vitatu unarudi na viwili." Ilikuwa kweli.

Aliyegoma kuvaa viatu hukugombana naye. Ulimuuliza tu aanze na cha kulia au cha kushoto, na kabla hajashtuka alikuwa amevaa vyote viwili. Baba amegundua juzi kwamba hata yeye ulimfanyia hivyo kwa miaka arobaini. Amecheka, halafu akatoka nje, akakaa peke yake muda mrefu.

Ila langoni hukuwa na mzaha. Mzazi aliyetaka kunyata aondoke wakati mwanawe anacheza, ulimfuata hadi barabarani. "Usimtoroke mtoto. Muage. Akilia, alie, mimi nipo. Lakini ajue umekwenda na ajue utarudi baada ya usingizi wa mchana." Mama, kwa hili tuna kinyongo na wewe. Wewe hukutuaga. Tumekusamehe nusu, nusu nyingine bado.

Sasa usikie yaliyotokea, maana hatukufichi kitu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, meneja mpya wa shule aliingiza madawati marefu katika chumba chako. Sanduku la mchanga likatolewa, vibanio vikaenda kwenye pipa la taka. Akaagiza mtihani kila mwezi, na kila mtoto apangiwe nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Na mimi, Mama, nilitii. Nakiri hapa mbele ya watu wote. Msiba ulinifanya bendera fuata upepo, sikuwa na nguvu ya kubishana hata na inzi. Nilichukua watoto ishirini na wanne, wa miaka mitano, nikawapanga kwa namba na kuwapa karatasi wapeleke nyumbani.

Wa ishirini na nne alikuwa yule uliyempa jina la Profesa. Unamkumbuka. Maswali yalianzia langoni: kwa nini sisimizi hawagongani, nani aliyefundisha maji kuteremka. Kesho yake alikuja kimya. Keshokutwa, kimya. Mama yake, fundi cherehani, akaja na sindano bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Mwalimu, mwanangu ana nini?" akaniuliza. "Haulizi kitu. Jana nimembembeleza hadi kanijibu, eti, 'Mimi ni wa mwisho. Wa mwisho haulizi.'"

Nilikwenda chooni nikajifungia. Nililia, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, kwa sababu wengine wangeweza kusema hawakujua. Mimi nilijua. Ulinifundisha mwenyewe.

Jumamosi hiyo Kaka, fundi umeme wako asiyejua hata kufunga mtoto nepi, alizunguka maduka matatu akarudi na mfuko wa vibanio. Baba alichukua msumeno, akaenda shuleni, akakata miguu ya madawati yote. Hakuomba ruhusa ya mtu. Mlinzi alipomuuliza, akamjibu, "Niliyatengeneza mimi madawati ya shule hii wakati meneja wenu ananyonya." Haya hakuyatengeneza yeye, Mama, yalinunuliwa dukani, lakini tuliona si wakati wa kumsahihisha.

Na Profesa sikumuuliza maswali. Ulisema mtoto aliyejifunga hafunguliwi kwa maswali. Kaa karibu naye, upate kazi ya mikono, usubiri. Nikakaa sakafuni, nikawa nabana vitambaa. Siku tisa. Wakati mwingine aliondoka, wakati mwingine alibana kimoja na kukibandua. Siku ya kumi alikigeuza kibanio, akautazama ule waya wa katikati, akasema taratibu, "Nani aliweka huu waya hapa?"

Nilijifanya kawaida, nikamwambia tukifungue tuone. Kibanio kikavunjika. Tukavunja na vingine sita. Laiti ungekuwepo.

Mtihani wa mwezi uliofuata sikuandika nafasi ya mtu, nikaitwa ofisini. Meneja hakunikaripia, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliongea kwa upole, kama anayempa mtu pole. "Mama yako alikuwa mwalimu mzuri, wa wakati wake. Lakini amekufa, Mwalimu. Na mbinu zake tuzizike." Akanipa barua: ripoti za mwisho wa mwaka ziwe na nafasi, ama nitafute kazi kwingine.

Nilitoka bila kumjibu. Hasira ikishapanda sana hata salamu inapotea. Kwa hiyo jibu lake ni hili. Alitaka zizikwe, sisi tumezichapisha. Ziko gazetini, zitasomwa na mama anayesuka, baba anayesubiri zamu kwa kinyozi, dada wa kazi anayemfungia mtoto vitumbua kwa gazeti. Yeyote mwenye mtoto wa miaka minne au mitano azikate na mkasi, abandike ukutani. Meneja naye aje apite nyumba kwa nyumba akizizika.

Jana nimepeleka ripoti. Palipoandikwa "nafasi" hakuna namba hata moja. Nimeandika kwa mkono, moja moja, mpaka kidole cha kati kikafanya sugu: "Anafunga vifungo vyake mwenyewe." "Ameacha kuuma wenzake, ila bado anatishia." "Anasubiri zamu yake kwenye bomba." "Alimfuta machozi mwenzake bila kuambiwa." Ya Profesa ina neno moja: "Anauliza."

Jibu kutoka ofisini halijaja, lakini tunajua litakuwaje. Sitaki kudanganya kwamba siogopi. Naogopa kwa ajili yangu, na zaidi kwa ajili ya hao watoto, maana nikiondoka, Jumatatu yake watapangwa tena kwa namba. Nilimweleza Baba jana jioni tukiwa mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akameza tonge lake, akanawa mikono. Nikajua sasa nitaambiwa nikaombe radhi, kwa sababu unamjua, mtu wa amani.

Aliinuka, akachukua futi kamba yake, akaanza kupima sebule.

"Kabati litoke," akasema. "Na yale makochi. Wanaingia ishirini na wanne."

Unakumbukwa na mumeo, fundi wako, aliyeamka leo alfajiri kuranda mbao. Na wanao wawili, Kaka na mimi. Na mkweo, mke wa Kaka, ambaye amekubali makochi yahamie kwake ingawa anasema ni mabaya. Na wajukuu zako watatu, ambao mdogo wao bado anakuita kila anaposhindwa kufunga kamba za viatu. Na dada yako, mama yetu mdogo. Na mama wa Profesa, ambaye ameomba jina lake liwe kwenye orodha hii kama ndugu, na kwetu ni ndugu.

Mungu akupumzishe, Mama. Sisi hatupumziki. Na wanaosubiri tukusahau, waambiwe: thubutu!