Vigae Nimeviloweka

Mama Namalwa,

Uji umefunikwa jikoni. Nimeenda stesheni. Sikukuamsha, maana kikohozi kimekuachilia alfajiri tu.

Nimekung'uta blanketi la mtoto asubuhi hii, likatoa vumbi jekundu kama barabara ya Rongai! Kumbe bado unatwanga vigae vya vyungu ndani, mlango umefungwa, eti upepo usikuibie unga wa kuchanganya na udongo wa kufinyangia. Mama yako alifanya hivyo hivyo, kifua kikammaliza.

~~Mchi nimeuficha.~~ Mchi uko nyuma ya mlango, najua ungeninunia hadi Jumapili. Lakini usiuguse leo. Vigae nimeviloweka kwenye karai, vumbi lisiruke. Jioni nitavitwanga mwenyewe, nje, mbele ya majirani wa landhi nzima. Mwanaume kutwanga vigae, watacheka. Wacha wacheke. Kikohozi chako ndicho hakinichekeshi.

Baba Namalwa